Shajara ya mradi: grafu ya usugu wa malaria kutoka pepa za PubMed

3 Machi

Swali limetoka kwa dada yangu. Ni nesi kwenye zahanati moja kule Karagwe, na juzi usiku kanitumia sauti ya kama dakika mbili hivi, mvua inapiga bati nyuma yake, anasema "Mdogo wangu, wewe si unashinda kwenye kompyuta na hizo pepa zenu, hebu nisaidie, huku semina tumeambiwa vimelea vya malaria vimeanza kuwa sugu kwa artemisinin, sasa mimi nikimpa mama mseto aende nao nyumbani, nampa kitu kinachofanya kazi au?" Nikamjibu shikamoo dada, nipe muda nisome. (Artemisinin ndo kundi la dawa lililo ndani ya mseto, zile dawa za malaria zilizochanganywa.)

Nikafungua PubMed, ghala la mtandaoni la makala za tiba. Mle ndani kuna rekodi zaidi ya milioni 35, na hata ukibana ukaandika jina la jeni moja tu ya kimelea, kelch13, ile inayohusishwa na usugu huo, bado unaletewa mamia ya makala, kila moja na nchi yake na mwaka wake na dawa zake, hamna mahali yamekaa pamoja ukauliza swali la dada ukajibiwa. Nimesoma siku mbili mfululizo, nikagundua nasoma pepa ya tisa huku ya kwanza nshaisahau. Ndo nikasema ngoja nijenge grafu ya maarifa, ijijenge yenyewe kutoka kwenye hizo pepa, alafu niiulize.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: grafu ya maarifa ni nodi na mishale. Nodi ni vitu, yaani dawa, jeni, ugonjwa, mahali. Mshale ni uhusiano kati yao. Ni ile ile kiima, kitenzi, shamirisho tuliyofundishwa shule: R561H (badiliko mojawapo la hiyo jeni) – imeonekana – Rwanda. Kila sentensi ya maana ndani ya pepa inavunjwavunjwa mpaka inabaki utatu wa hivyo, afu unaunganisha utatu wa pepa hii na wa pepa ile pale nodi zinapofanana. Basi, wazo lote ni hilo, na wala sio jipya.

5 Machi

Kuchota data kumeenda vizuri. NCBI, wenye PubMed, wana mlango wao wa programu, E-utilities, unaomba orodha ya namba za makala (PMID) alafu unaomba muhtasari wa kila moja kwa XML. Bila ufunguo unaruhusiwa maombi 3 kwa sekunde, ukijisajili ukapewa ufunguo unapata 10. Nimeweka skripti ipumzike kati ya ombi na ombi, nimeiacha usiku ili nitumie bando la usiku, asubuhi nimekuta mihtasari 600 imetulia kwenye faili.

Pepa nzima ni habari nyingine. Ziko kwenye PMC, ghala lao la makala kamili, lakini sio zote unaruhusiwa kuzichota kwa mashine, inabidi ubaki kwenye lile fungu la leseni huria. Kwa sasa naanza na mihtasari.

Jioni nilikaa nikasoma habari za Don Swanson na nimelala na furaha kweli. Huyu mtu alikuwa Chicago, mwaka 1986 alikaa na makala tu, hana maabara, akaona kuna pepa zinasema mafuta ya samaki yanapunguza unato wa damu, na kuna pepa nyingine kabisa zinasema wagonjwa wa Raynaud, wale ambao vidole vinakufa ganzi na kupauka kwenye baridi, damu yao ina unato mkubwa, na waandishi wa upande huu hawasomi wa upande ule. Akaunganisha. A inagusa B, B inagusa C, basi tujaribu A kwa C. 1988 akafanya hivyo hivyo kwa magnesiamu na kipandauso. Yote hayo kwa kusoma. Mimi nataka mashine inisaidie kusoma kama vile.

11 Machi

Wiki ya majina. Kazi ya kwanza ni kutambua kwenye sentensi neno gani ni dawa, lipi ni jeni, lipi ni mahali. Nilianza na kamusi tupu: nikaandika orodha ya dawa za malaria na vifupisho vyake alafu nikaiambia skripti tafuta. Matokeo yake yamenishtua. AL ni artemether-lumefantrine, ile tunayoita ALu, lakini skripti haikujali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kila palipoandikwa "et al." imehesabu dawa. AS ni artesunate, na neno la Kiingereza "as" liko kila mstari. SP ni ile ya Fansidar, lakini "sp." ni kifupi cha spishi. RSA ndo iliniumiza kichwa zaidi, kwa watu wa malaria ni kile kipimo cha maabara cha kuangalia vimelea vichanga vinavyobaki hai baada ya kupigwa na dawa, kwa watu wengine ni Afrika Kusini, kwa hiyo nikapata usugu umeripotiwa Afrika Kusini mara hamsini na kitu na hakuna hata moja ya kweli.

Dawa ya hili ipo ya zamani na ni rahisi, ile njia ya Schwartz na Hearst ya 2003: mwandishi karibu siku zote akitumia kifupi mara ya kwanza anaandika jina refu halafu kifupi ndani ya mabano, basi unarudi nyuma kutoka kwenye mabano ukilinganisha herufi mpaka unapata jina refu lake, na kifupi hicho unakitumia ndani ya pepa hiyo tu, usikipeleke pepa nyingine. Imesafisha uchafu mwingi kwa mistari michache ya programu. Naipenda sana kazi ya namna hii.

19 Machi

Jeni moja, majina sita. Nimekuta kelch13, Kelch 13, K13, PfK13, Pfkelch13, K13-propeller, na wengine wanaandika namba yake ya rejista tu, PF3D7_1343700. Mabadiliko ya jeni nayo hivyo hivyo, C580Y mwingine anaandika Cys580Tyr, mwingine 580Y tu kwenye jedwali. Usipoziunganisha unapata nodi saba zinazoongelea kitu kimoja bila kujuana, na swali lolote utakalouliza linajibiwa kipande.

Kwa faida ya anayefuatilia bila kuwa mtu wa biolojia, hiyo C580Y maana yake kwenye protini hiyo nafasi ya 580 palitakiwa kukaa asidi amino inayoitwa sisteini (C) na sasa imekaa tairosini (Y). R561H ni nafasi ya 561, ajinini imekuwa histidini. Herufi moja kwenye kimelea. Na kinachofanyika, kwa jinsi ilivyoelezwa 2020, ni kwamba K13 inahusika kimelea kichanga kinapomeza himoglobini ya damu yetu, na artemisinin inaamshwa na mabaki ya hiyo himoglobini iliyosagwa, sasa K13 ikilegea kimelea kinakula kidogo, dawa haiamki sawasawa, na kimelea kinavuka zile saa chache ambazo dawa iko kali mwilini. Nikifika hapa kila mara nasimama. Kimelea kinapona kwa kufunga.

Nimeandika kanuni inayogeuza kila umbo la mabadiliko kuwa umbo moja fupi. Jeni nimezifunga kwenye namba za rejista. Magonjwa na dawa nimezifunga kwenye MeSH, orodha sanifu ya istilahi za tiba. Sasa grafu yangu ina sura.

27 Machi

Leo ndo siku niliyoelewa mradi huu unahusu nini hasa, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Nilikuwa nimemaliza kuingiza mihtasari yote kwenye Neo4j, programu ya kuhifadhi grafu, na nikauliza swali la kwanza la kweli: R561H imeonekana wapi Afrika Mashariki? Jibu likaja, ramani nzuri kabisa, na nukta moja nono iko Masaka, Uganda.

Nikaitazama. Sasa mimi R561H naijua imesomwa Rwanda, ile pepa ya 2020 ndo iliyoamsha watu wote, wagonjwa 19 kati ya 257, asilimia 7.4, na wakaonyesha kwamba vimelea hivyo havikuletwa kutoka Asia bali mabadiliko yametokea huku huku kwetu. Uganda yaliyotangazwa 2021 yalikuwa A675V na C469Y, tena kaskazini. Sasa hii ya Masaka imetoka wapi? Nikafungua sentensi yenyewe. Kumbe Masaka ya kwenye pepa ni Masaka ya Rwanda, pale Kigali, wilaya ya Kicukiro. Skripti yangu ilikuwa inachukua jina la mahali, inatafuta kwenye orodha ya miji, na ikikuta majina mawili inachagua mji mkubwa zaidi. Masaka ya Uganda ni mji mkubwa. Basi usugu ukavuka mpaka kwa mstari mmoja wa programu.

Mtu wa kutoka mbali asingeshtuka, angeona Masaka angesema sawa. Mimi nimeshtuka kwa sababu nimekulia ukanda huu na Masaka zote mbili nazijua. Na nikajiuliza ziko Masaka ngapi humo ndani ambazo mimi sizijui, za Myanmar na Kambodia na Ethiopia, ambako sina wa kunishtua.

Nimebadilisha: mahali sasa panatafutwa ndani ya nchi iliyotajwa kwenye kichwa cha makala au sentensi jirani kwanza, na kama nchi haijulikani, nodi inabaki na alama ya "haijathibitishwa", haipelekwi kwenye ramani. Nimepoteza nukta nyingi kwenye ramani. Afadhali.

2 Aprili

Nyingine ya mahali, na hii sikuitegemea kabisa. Grafu inasema M476I – imeonekana – Tanzania.

Hii nilitetemeka kidogo maana dada yuko Tanzania na mimi niko Tanzania. Nikafuata mshale mpaka kwenye maandishi. Ni ile kazi kubwa ya 2014 iliyoigundua K13. Wale watafiti walikuwa na vimelea vya maabara vinavyoitwa F32-Tanzania, jina la ukoo wa vimelea tu, wakavilea kwenye chupa miaka 5 wakivipiga na artemisinin kidogo kidogo wakiongeza dozi, mizunguko 125, mpaka vikawa sugu, alafu wakasoma jenomu na kuikuta M476I. Baadaye wakaenda kwenye sampuli za wagonjwa wa Kambodia na kukuta ndugu zake, C580Y na wenzake. Kwa hiyo M476I ile imezaliwa ndani ya chupa. Neno Tanzania lipo kwenye sentensi, M476I ipo kwenye sentensi, na uhusiano ambao mashine imeuona kati yao haupo.

Nimeongeza kamusi ndogo ya majina ya koo za vimelea vya maabara, 3D7, Dd2, F32 na kadhalika, zitambuliwe kwanza kabla ya majina ya nchi.

9 Aprili

Kukanusha.

"Hatukukuta C580Y kwenye sampuli zetu." Mashine ya kijinga inasoma C580Y, inasoma sampuli, inasoma jina la nchi, inachora mshale. Pepa za Afrika za miaka ya kabla ya 2020 ziko hivyo kibao, watu walitafuta hawakukuta wakaandika hawakukuta, na grafu yangu ya kwanza ilikuwa imejaza Afrika nzima C580Y. Kuna njia ya zamani ya NegEx, ya 2001, iliyotengenezwa kwa ajili ya maandishi ya hospitali, inaangalia maneno ya kukanusha na umbali wake na kitu chenyewe. Nimeichukua nikaiongezea maneno ya watu wa malaria.

Ila hapa nilitaka kukosea kwa upande wa pili. Nilitaka kuzifuta hizo sentensi za "hatukukuta". Nikawaza vizuri nikaona hapana, kutafuta na kukosa ni maarifa yale yale, tena ni ya gharama. Ile tathmini ya dunia nzima iliyotoka 2016 ilipima sampuli 14,037 kutoka nchi 59, na moja ya mambo makubwa iliyosema ni kwamba kwa Afrika wakati ule hapakuwa na dalili ya usugu wa artemisinin. Ukiifuta hiyo, huwezi kujua kwamba Rwanda ni jambo jipya. Kwa hiyo sasa kuna aina mbili za mishale, "imeonekana" na "imetafutwa haikuonekana", na zote zina idadi ya sampuli.

Kitu kingine cha pembeni kutoka kwenye tathmini ile: A578S. Iko nafasi mbili tu kutoka C580Y na Afrika inaonekana mara nyingi kuliko mabadiliko mengine ya K13, lakini haijahusishwa na usugu. Kwenye grafu zinakaa jirani kabisa, na mtu akiangalia haraka haraka atazifanya ndugu. Nimeweka daraja la WHO kwenye kila nodi ya mabadiliko: yaliyothibitishwa, yanayoshukiwa, au hayamo kwenye orodha.

17 Aprili

Mwarobaini. Nilijua tu ntakutana nao.

Grafu imechora: mwarobaini – unatibu – malaria. Nimefungua pepa zilizolisha mshale huo. Moja ni kemikali iliyotolewa kwenye mti ikawekwa kwenye vimelea ndani ya kisahani cha maabara. Nyingine ni panya walioambukizwa Plasmodium berghei, ambayo ni malaria ya panya, iligunduliwa 1948 kule Katanga kwa panya wa porini, na haimwambukizi mtu. Hamna mgonjwa hata mmoja kwenye pepa nilizofungua.

Bibi yetu alikuwa anachemsha mwarobaini, na wala sibezi mti, artemisinin yenyewe imetoka kwenye mmea, Tu Youyou kaipatia Nobel 2015. Lakini mshale wa "unatibu" ukisomwa na mama mwenye mtoto mwenye homa ya siku mbili ni hatari. Kisahani, panya, mtu, hivi ni vitu vitatu na mshale mmoja hauwezi kuvibeba vyote. Nimetenganisha: "imezuia kimelea maabarani", "imepunguza vimelea kwa panya", "imepimwa kwa wagonjwa". Neno "inatibu" nimeliondoa kabisa kwenye mfumo.

26 Aprili

Nimebomoa nikajenga upya. Wiki nzima imeenda.

Kila tatizo nililoandika hapo juu, Masaka, chupa, hatukukuta, panya, ukiliangalia ni tatizo lile lile. Mshale wangu ulikuwa mwembamba. Ulikuwa unasema kitu kinagusa kitu, haukusema nani kasema, wapi, lini, kwa kupima nini, kwa watu wangapi. Sasa nimefanya hivi: hakuna mshale wa moja kwa moja tena kati ya mabadiliko na mahali. Katikati kuna nodi nyingine niliyoiita Dai. Dai linashika kila kitu: PMID ya pepa, sentensi nzima kama ilivyoandikwa, mahali na nchi, mwaka wa kuchukua sampuli, sampuli ngapi zilipimwa na ngapi zilikutwa nayo, maabara au panya au mtu, na kama ni kukubali au kukanusha. R561H inaunganishwa na Dai, Dai linaunganishwa na mahali.

Grafu imekuwa nzito na maswali yanachukua muda zaidi. Kuna watu wamejenga grafu kubwa sana za tiba, Hetionet ya 2017 ina nodi 47,031 na mishale 2,250,197 kutoka vyanzo 29 vya data, na imefanya kazi nzuri ya kutafuta dawa za zamani zinazoweza kutumika kwa magonjwa mengine, kwa kazi ile mshale mwepesi unatosha. Kwa swali la dada hautoshi.

Mwaka wa sampuli naomba niukazie. Ile pepa ya Rwanda imetoka 2020 lakini sampuli ni za 2013 mpaka 2015. Ukichora kwa mwaka wa kuchapishwa unadhani R561H imetokea 2020, kumbe ilikuwepo tayari miaka mitano nyuma na zaidi. Na mfano mtamu kuliko yote ni klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, kule Malawi. Waliiacha 1993. Ile K76T ya jeni ya pfcrt, inayobeba usugu wa klorokwini, ilikuwa asilimia 85 mwaka 1992, kufika 2000 imeshuka mpaka 13. Sasa pepa moja inasema Malawi imejaa K76T na nyingine inasema Malawi K76T inapotea, na mashine isiyojua miaka itasema pepa zinagombana. Hazigombani. Moja ni ya kabla na nyingine ni ya baada.

Pia nimeacha kuhesabu mapitio. Makala za mapitio zinarudia matokeo ya wengine, kwa hiyo tukio moja la Rwanda lilikuwa limekuwa madai mengi kwa sababu kila anayeandika kuhusu Afrika analitaja. Sasa dai la mapitio linaelekezwa kwenye pepa ya asili kama imetajwa, likishindikana linakaa pembeni.

6 Mei

Nimejaribu modeli kubwa ya lugha kwa hatua ya kutoa madai. Unaipa muhtasari, unaiambia nijazie fomu hii ya Dai. Kwa kweli inasoma vizuri kuliko kanuni zangu, hasa sentensi ndefu zenye mabano ndani ya mabano, na zile za "kwa mtiririko huo" ambapo wanaorodhesha mabadiliko matatu alafu asilimia tatu alafu miji mitatu na wewe ndo upange kipi cha kipi. Hapo kanuni zangu zilikuwa zinakufa kabisa.

Lakini inajaza hata pasipo na kitu. Fomu ina nafasi ya mwaka wa sampuli, muhtasari haujasema mwaka, yenyewe inaweka mwaka unaoelekea kuwa sawa, na kwa sababu unaelekea kuwa sawa huwezi kuukamata kwa macho. Kwa hiyo nimeweka sharti moja gumu: kila nafasi iliyojazwa ije na maneno yenyewe kutoka kwenye pepa yanayothibitisha, alafu programu ndogo isiyo na akili yoyote inaangalia kama maneno hayo yapo kwenye maandishi, herufi kwa herufi. Hayapo, nafasi inabaki wazi. Nafasi wazi nyingi sana zimebaki na nimeziacha wazi.

15 Mei

Kupima. Rafiki yangu wa maabara na mimi tumekaa wikiendi mbili tukasoma sentensi 200, kila mtu kivyake, kila mtu anaandika madai anayoyaona, afu tukalinganisha. Hatukukubaliana sehemu nyingi kuliko nilivyotegemea, na karibu zote zilikuwa neno moja, "inahusishwa na". Yeye anasema Bwana weee, inahusishwa maana yake wamepiga hesabu na namba zimeendana, basi. Mimi nilikuwa nahesabu kama inasababisha. Tumebishana mpaka chai imepoa, na yeye ndo alikuwa sahihi, tumeandika mwongozo wa kurasa mbili na kurudia sentensi zote.

Baada ya hapo ndo tukapima mfumo. Kati ya madai 100 uliyoyatoa, 88 yalikuwa sahihi kila nafasi. Yaliyokuwepo kwenye sentensi na haukuyaona ni mengi zaidi, kama moja katika kila matatu. Kwa kazi hii naikubali hali hiyo kwa sasa, dai likikosekana ntalitafuta, la uongo likiwepo atalisoma mtu na kuliamini.

24 Mei

Leo nimeuliza swali la dada.

Sio kwa maneno yake, maana maneno yake yana maswali mawili ndani na ilinichukua miezi hii yote kuyaona. La kwanza, vimelea vyenye mabadiliko yaliyothibitishwa viko Kagera, mkoa wa dada? La pili, wagonjwa waliopewa ALu wanapona? Grafu imeyajibu tofauti. La kwanza ndiyo, madai ya R561H yapo Kagera, yanarudi Karagwe tena na tena, jirani na Rwanda. La pili, madai ya wagonjwa wa Tanzania waliofuatiliwa siku 28 baada ya ALu yanaonyesha bado wengi mno wanapona. Hayagombani, kwa sababu WHO wanauita usugu wa sehemu: artemisinin inachelewa kuondoa vimelea, vinakutwa bado kwenye damu siku ya tatu, lakini ndani ya mseto kuna lumefantrine inayobaki mwilini muda mrefu na kumalizia kazi. Mshale mwembamba wa zamani ungeandika "R561H – sugu – mseto" na dada angeusoma.

Nimempigia badala ya kumtumia ujumbe. Shikamoo dada. Marahaba, umesoma? Nimesoma. Nikamweleza kama nilivyoandika hapo juu, na kwamba kikubwa ni mgonjwa amalize dozi zote za siku tatu, asiache siku ya pili akiona kapata nafuu, na asiyepona arudi zahanati.

Akanyamaza kidogo. Afu akauliza, "Hizo pepa za Karagwe, damu walichukua wapi?" Nikamsomea majina ya vituo kutoka kwenye Dai moja, na mwaka wa sampuli. Akasema, "Hicho cha tatu ni chetu. Nilitoboa vidole mwenyewe mwaka ule, tulikuwa tunadondosha kwenye zile karatasi nyeupe, tunazianika, tunafunga kwenye mifuko na vile vipakiti vya kukausha. Tulifanya wiki mbili. Hatukuwahi kuambiwa walikuta nini."

Nimemtumia sentensi yenyewe, na tafsiri yake chini. Kesho naongeza kitu kwenye nodi ya Dai, jina la kituo palipochukuliwa sampuli kama pepa imelitaja, na naandika swali la kutafuta kwa kituo ili wenzake wa vituo vingine nao waweze kuona ya kwao.